Baiskeli ya Mama Usiigawe

Greenbelt, Maryland
Jumapili, mwanzoni mwa Machi

Kwako dada yangu mpendwa Genoveva,

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, miguu imeacha kuvimba na duka linakwenda. Shemeji hajambo? Watoto je? Yule wa mwisho mwambie mama mdogo hajasahau viatu vyake, amesahau namba tu. Sisi huku tu wazima. Ferdinand yupo na kazi zake zile zile za hoteli. Elsa amerefuka hadi magauni ya Krismasi hayamwingii, na bado mimi namsemesha Kiswahili yeye ananijibu Kiingereza, tunaelewana hivyo hivyo. Baridi ya mwaka huu ilitukomesha, lakini wiki hii imeanza kulegea.

Najua unaigeuzageuza bahasha hii ukijiuliza nimepatwa na nini hadi niandike kwa kalamu wakati simu ipo. Dada, ujumbe wa sauti wewe huusikiliza kwa spika, dukani, mbele ya wateja. Habari ya mtu inafika stendi kabla hujaimaliza. Usinune, ni kweli. Haya ninayokuandikia Baba mwenyewe ameniomba yasipite kwenye simu, ndiyo maana nampa Clement, anayekuja likizo, akukabidhi mkononi.

Kabla sijafika mbali nakuomba neno moja. Ile baiskeli ya marehemu mama usimpe katekista bado. Najua umekwisha kumwahidi, na najua inaota kutu stoo na inakuzuia kupanga magunia. Subiri usome mpaka mwisho. Na lile la pili ulilonifokea, kwamba Baba amepata mama wa Kikongo huku na mimi namfichia, nalo nitalifikia.

Wewe hukumwona Baba alipotua hapa Oktoba. Alikuwa amekonda hadi saa inamzunguka mkononi. Alikaa dirishani kutwa akitazama magari yaliyoegeshwa. Nikimpakulia alikula vijiko viwili akasema asante. Nikimwuliza kitu anasema ndiyo, nikimwuliza kinyume chake anasema ndiyo vilevile. Jina la mama hakulitaja kabisa. Tulikubaliana aje kwangu apumzike baada ya mazishi, lakini niliyekuwa namtazama hakuwa anapumzika, alikuwa anazimika. Niliogopa, dada. Niliogopa nitakurudishia sanduku.

Aliyemtoa pale dirishani ni Ferdinand, na sikutegemea, maana unamjua shemeji yako kwa kochi. Hapa mtaani kuna karakana ndogo ya ushirika. Jumamosi watu huleta baiskeli mbovu wakazitengeneza kwa kusaidiana. Mkubwa wao ni Wayne, mzee wa Kimarekani aliyestaafu, mpole, grisi haimtoki kwenye kucha hata akienda kanisani. Baba alisimama mlangoni mikono mfukoni mpaka alipomwona mtu anagonga rimu iliyopinda kwa nyundo. Akaomba radhi, akaketi, akaomba ufunguo wa spoku. Ferdinand anasema alikaza hapa, akalegeza pale, gurudumu likazunguka bila kuyumba, kisha Baba akasema akipata chai atakunywa. Shemeji yako alinipigia simu kazini, kule Wheaton, kunieleza habari ya chai hiyo. Nililia jikoni kwa bibi wa watu ninayemtunza, hadi yeye ndiye akanipa kitambaa.

Kwa ufundi wenyewe sikushangaa, nawe hutashangaa. Tumekua tukiona kila Jumapili baada ya misa baiskeli imepinduliwa magurudumu juu, Baba anaosha, anapaka mafuta, anaziba pancha kwa kipande cha tyubu kuukuu. Na sisi wote wawili alitufundisha kuendesha yeye, anakimbia nyuma ameshika keria, jasho linamtoka, anatuambia tusitazame chini, tutazame mbele. Wayne akampa baiskeli ya kijivu, si mpya lakini nzima, yenye matairi ya majira ya barafu. Yamepigwa vichwa vidogo vya misumari ili yaume barafu. Baba aliyapapasa matairi yale kama anapapasa kichwa cha mtoto, akasema Wazungu wamekaa wakafikiri.

Tangu hapo, dada, Baba akawa mtu mwingine. Mwendo wa saa nne asubuhi yuko mlangoni amevaa suruali mbili, koti, glavu, mzula wa kufunika uso mpaka yanabaki macho, na kofia ngumu juu yake. Anatoka na baiskeli yake akiisukuma, anakunja kona kuelekea zile njia za miguu zinazopita chini ya barabara, harudi mpaka mchana. Anarudi pua inamchuruzika, anakula ugali wote. Mimi nilikuwa najisifu kazini kwamba baba yangu, na umri ule, anaendesha baiskeli kwenye barafu wakati vijana wanasubiri basi.

Ule ushirika una desturi yake. Watengenezaji wa makoti na glavu za baiskeli huwaletea vitu vipya wakati wa baridi, wanachama wavivae barabarani kisha waseme ukweli. Baba akawa mmoja wa wajaribu, na kazi hiyo aliifanya kwa moyo kuliko alivyofanya ile ya ghala la tumbaku. Glavu alizijaribu kwa rozari. Anazivaa, anashika rozari, anasali fumbo zima. Akisikia kila punje, glavu ni nzuri. Asiposikia, anazirudisha, anasema mkono usiosikia punje hautasikia breki. Wayne alilipenda neno hilo akaliandika ubaoni. Siku nyingine nilimkuta amesimama jikoni mkono wote umo kwenye friza, ameshika pakiti yangu ya kisamvu, anapima glavu zinavumilia kiasi gani. Nikamwambia Baba, nje kuna baridi ya bure. Akacheka kidogo tu, akafunga friza.

Jambo moja lilimtatiza Wayne. Kila koti ambalo wengine walisema lina joto mno, Baba alisema halina joto. Jaketi ambalo kila mtu alitoka nalo jasho, Baba alilalamika limemwacha anatetemeka. Wayne akaona ni umri, au ni damu ya mtu wa nchi ya jua. Nami nikakubali, tukamwongezea fulana.

Sasa nimfikie huyo mama wa Kikongo. Anaitwa Spéciose, anatoka Uvira, anatunza wazee majumbani kama mimi. Hana gari. Majira yote ya baridi anakwenda kazini kwa baiskeli, suruali ya mvua ndani, kitenge kimefungwa juu yake, maana anasema bibi anayemtunza akimwona na suruali peke yake humdhania fundi bomba. Mrefu, mweusi tii, anasalimia kila mtu. Naye ni mjaribu wa vifaa, na ndiye anayeogopwa kuliko wote, kwa sababu hasifu hovyo. Koti moja la fahari lililosifiwa na karakana nzima alilirudisha siku ya pili, akasema, "Baridi haiko na shida. Jasho njo iko na shida." Nimempenda tangu siku hiyo, nami nimeanza kuvaa hivyo, nguo chache, natoka nikiwa nasikia baridi kidogo.

Jumapili moja mwezi wa kwanza Mama Spéciose alikuja kula kwetu baada ya misa, na theluji ikaanza kumwagika. Mumewe, Macaire, akaja kumchukua kwa gari la jirani, baiskeli ikabaki kwetu. Baba akaona asimrudishie mgeni baiskeli chafu, na kwa kweli ilikuwa imejaa ile chumvi wanayomwaga barabarani. Akafanya kama anavyofanya huko nyumbani Tabora. Ndoo mbili za maji ya moto, sabuni, brashi ya viatu, akaosha mpaka kwenye spoku, akaiweka kibarazani ikauke. Nilimwona dirishani nikaona raha. Hatukujua, si yeye si mimi, kwamba vumbi huoshwa lakini chumvi ya barafu hufutwa kwa kitambaa, ndani, penye joto.

Asubuhi Mama Spéciose alikuja kuichukua aende kazini. Breki hazishiki, nyaya zimeganda ndani ya mipira yake. Mnyororo umekakamaa kama fimbo. Tulipoulegeza kwa nguvu, pedali zikawa zinazunguka bure, gurudumu halina habari. Baba alikuwa anataka kufa kwa aibu. Akakimbilia ndani kuleta maji mengine ya moto, Mama Spéciose akamshika mkono. Akamwambia hana neno, baiskeli ikilala ndani mpaka jioni itapona, ila bibi yake anamngoja kunywa dawa, basi amwazime yake. Akapanda ile ya kijivu. Kiti kikamkaa sawasawa, mwanamke mrefu vile. Akageuka akamtazama Baba, ambaye kimo chake unakijua maana ndicho tulichorithi, kisha akaenda zake. Mimi nilikuwa natafuta funguo zangu, sikufikiria kitu.

Baada ya hapo ndipo mambo yalipobadilika hadi yakakufikia huko. Baba akaacha kutoka asubuhi, akawa anatoka saa tisa alasiri, saa ambayo Mama Spéciose anamaliza zamu. Ananyoa ndevu. Anapiga mluzi bafuni. Siku moja alirudi na tope mgongoni na tabasamu usoni, nikamwuliza kulikoni, akasema njia ina utelezi. Ferdinand akasema, "Mzee ana-date, mwacheni a-enjoy." Mimi nikakasirika. Mama hajamaliza mwaka kaburini! Nikavuta mdomo siku nzima, mchuzi wake nikaupakua bila kusema karibu. Nani aliyekupelekea habari sitauliza, ingawa barua hii imebebwa na mumewe.

Jumatano ya wiki ya tatu ya Februari barabara ziliganda, wakaniruhusu kazini mapema. Nikapita njia ya ziwani, na nikiri kwako, nilipita makusudi. Njia nzima hapakuwa na mtu, isipokuwa wao wawili kule mbele. Baba alikuwa juu ya ile baiskeli ya kijivu, kiti kimeshushwa mpaka chini, anayumba kushoto, anayumba kulia. Mama Spéciose anakimbia nyuma yake na kitenge chake, ameshika keria, anamwambia, "Papa, hapana angalia chini. Angalia kule mbele!" Dada, nilidhani amepata kiharusi. Fundi mzima, aliyetufundisha sisi, atayumbaje hivyo kwenye njia tambarare? Nikapiga kelele nikakimbia. Aliposikia sauti yangu akageuza kichwa, akaenda moja kwa moja kwenye theluji, miguu juu.

Nilipofika alikuwa amelala chali anacheka. Anacheka kweli, tumbo linapanda na kushuka, mzula umemziba jicho moja. Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu tumzike mama. Mama Spéciose naye akaketi kwenye theluji palepale, anacheka. Nikabaki nimesimama na mfuko wangu wa kazi, nina hasira, nina furaha, sijui nimshike nani.

Tulirudi nyumbani tukanywa chai, na Baba akasema. Aliniomba nikae kwanza. Akasema, "Irene, mimi sijawahi kujua kuendesha baiskeli. Aliyekuwa anaendesha ni mama yako. Mimi nilikaa nyuma."

Rudia kuusoma mstari huo kama nilivyourudia mimi kichwani.

Anasema utotoni kwao hapakuwa na baiskeli, na alipokuwa kijana alijaribu ya rafiki yake pale sokoni, akaanguka juu ya dagaa wa watu, soko zima likacheka. Akaapa kutojaribu tena. Kisha akampenda mama, na wakwe wakataka baiskeli katika mahari. Akainunua mjini, akaisukuma kwa miguu njia nzima mpaka kwa kina mama. Alipofika jasho linamtoka, wakwe wakamsifu: huyu kijana ana adabu, hakutaka kupanda kitu cha watu kabla hajakikabidhi. Aliyeshuku ni mama peke yake. Alimtazama suruali, pindo la kulia, akaona halina doa hata moja la mafuta ya mnyororo. Baada ya harusi, walipovuka nyumba za mwisho, akamwambia ashike usukani vizuri ampishe apande mbele, yeye amejifunza kwa masista, na yeye Baba apande nyuma.

Ikawa ndiyo desturi yao maisha yote. Wakitoka nyumbani Baba anaisukuma, mama anatembea kando. Wakishawapita watu, mama anapanda mbele, Baba keria. Wakikaribia waendako wanashuka, Baba anaisukuma tena. Sasa kumbuka, dada. Umewahi kuwaona wanafika mahali wamepanda? Tulikuwa tunasifiwa mtaa mzima, tazama Mzee Fidelis anavyomheshimu mkewe, hampiti kwa baiskeli, anatembea naye. Kumbe mama ndiye anahema! Hata mimba yako wewe ilipandishwa mlima kwa miguu ya mama, Baba nyuma amekumbatia kuku. Naye akawa analipa kwa namna yake, anaitengeneza. Anasema alijua kila nati ya baiskeli ile kwa sababu kila nati ilikuwa imembeba mke wake.

Basi ndiyo maana ya mambo yote ya huku. Ile miezi ya kwanza alikuwa haendeshi, alikuwa anaitembeza chini ya barabara, ndiyo maana makoti hayakumpa joto. Alitaka kujifunza, anasema, kwa sababu hapa wakati wa baridi njia hazina watu, na mtu akifunikwa uso hajulikani ni nani, lakini kila akishika usukani alisikia soko linacheka. Mama Spéciose alipopanda baiskeli ile akajua kwamba mtu mfupi hawezi kuiendesha kwa kiti kile. Hakumwuliza. Alipoirudisha alikuwa amekishusha kiti, akamwambia tu, kesho saa tisa, kule ziwani. Nimemwomba radhi kwa mchuzi niliomnunia Baba kwa sababu yake. Alicheka, akasema mume mmoja anamtosha, na Macaire ni mzito.

Dada, nimekaa na jambo hili wiki mbili na sijui nimsifu nani zaidi. Nampenda Baba kwa kuanguka kila siku na umri ule. Nampenda Mama Spéciose kwa kukimbia baada ya zamu ya kutwa. Lakini mama! Miaka yote ile, maneno yote tuliyogombana naye, na hakuthubutu hata siku moja kulitoa hilo mdomoni. Mimi siri ya Ferdinand ya kukoroma nimekwisha kukupa wewe na duka lako lote.

Jumapili hii, baada ya misa, Baba aliniambia nipande keria. Nikakataa, nikacheka, nikapanda. Akauliza bila kugeuka, "Umekaa?" Nikamwambia nimekaa. Aliniambia baadaye kwamba ndivyo mama alivyokuwa anamwuliza yeye kila siku, na asipojibu hakanyagi. Tukaondoka tunayumba, kisha hatukuyumba. Nilimshika kiunoni, upepo wa ziwa unakata masikio, naye hakutazama chini. Tulizunguka ziwa lote. Nililia nyuma yake pale na hakujua, au alijua akaninyamazia.

Anarudi mwisho wa Aprili, kabla ya misa ya mwaka ya mama. Baiskeli ya katekista, Ferdinand na mimi tutajua la kufanya, mwambie avumilie. Ile ya mama usiigawe wala usiioshe, Baba anataka kuiosha mwenyewe. Amenikalisha hapa niandike maneno yake kama alivyoyasema, kwa kuwa wewe ni mzaliwa wa kwanza na kwako anaona haya kuliko kwangu: "Mwambie Genoveva, mama yenu alinibeba maisha yote, mimi sikumbeba hata siku moja. Siku ya misa nataka nimbebe yeye Genoveva, kutoka nyumbani, katikati ya watu, mpaka makaburini."

Usianze na uzito wako. Mimi si mwepesi na nimebebwa.

Msalimie shemeji, watoto, na majirani wote, ila usiwasomee. Ferdinand na Elsa wanakusalimu sana, na Mama Spéciose anakusalimu ingawa hamjaonana. Glavu zilizomo kwenye bahasha ni zako, zimekwisha kusali rozari nzima. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Irene

N.B. Baba amesimama nyuma yangu anasoma. Anasema nati mbili za keria, upande wa kulia, zilikuwa zimelegea tangu mama akiwa hai. Mtafute mtu azikaze.